Matundu ya Sindano

Kila Jumamosi usiku napiga pasi sare ya Mundhir,
tangu aliporudi kutoka chuo cha askari, shingo nyembamba ndani ya kola,
amejifunza kutembea kama mtu anayehesabu deni.

Wiki ile sare ilinuka wadi.
Kimbunga kilishapita, Qurayyat imelala chini ya tope,
friji ya watu juu ya mtende,
mlango wa duka umening'inia mkunazini.
Yeye na wenzake walipewa mtaa wa soko waulinde,
usiku nane, bunduki begani, buti zimejaa maji.
Nilijivuna. Nilimwambia jirani yangu Zuwena
kwa sauti ya kusikika nyumba ya tatu:
mwanangu analinda mali za watu.

Kisha mfuko wa kushoto ukagonga pasi.
Nikadhani risasi, moyo ukaruka.
Kilikuwa kipuli. Kipuli kimoja, cha mtoto,
ua lenye kijiwe chekundu, tope bado limeganda kwenye ndoano.

Nyumbani kwetu Kiarabu ni cha wageni na kahawa;
nikikasirika ulimi hurudi Unguja.
"Hiki cha nani?"
"Nimekiokota, mama. Kilikuwa kwenye tope."
"Tope halivai vipuli."
Akasema ni kimoja tu, peke yake hakina bei.
Akasema hata wenzake wawili...
akanyamaza.
Nilimshukuru Mungu kwa kunyamaza kule,
na papo hapo nikakuchukia.

Sikumpiga. Ana miaka ishirini na minne na mabega ya marehemu baba yake.
Nilichomoa waya wa pasi ukutani, nikakaa kitako.
Nikamwambia: mwizi akija, watu hupiga kelele, huita askari.
Askari akiiba, wamwite nani?

Kabla ya jua kutoka alikuwa njiani.
Sonara Jayantilal alikuwa anaanika daftari zake juu ya boneti ya gari.
Hakujua kama kimepotea. Alikigeuza kiganjani, akacheka,
akasema chukua, kijana, umenilindia duka usiku nane,
mpelekee mchumba wako, na cha pili nitakutafutia.

Hapo, ananiambia, ndipo magoti yalipomlegea.
Kwenye mafuriko yalikuwa imara.
Tope lilimjaribu gizani, hakuna anayemwona;
shukrani ilimjaribu mchana, kwa tabasamu.

Akakiacha juu ya daftari bichi.
Akaenda kwa kapteni wake, akapiga saluti, akajisema mwenyewe,
jina lake, namba yake, bila "lakini" hata moja.
Ya wenzake hakuyasema.
Mpaka leo sijui kama ile ilikuwa heshima
au woga uliovaa sare ya heshima.
Mara nyingine namwuliza. Anakunywa chai.

Walimvua utepe mmoja.
Wakampeleka jangwani, upande wa Thumrait, kulinda tangi la maji,
mahali ambapo hata kivuli ni mali ya serikali.

Zuwena aliona kabla sijamwambia.
"Mbona mkono wa shati la Mundhir mtupu?"
Nilitaka kusema nyuzi zimeoza.
Nikamweleza yote, kwa sauti ileile,
ya nyumba ya tatu.

Sasa amekuja likizo ya siku mbili, amelala, na mimi nina shati lake mezani.
Pale utepe ulipokuwa, kijani kimekolea, hakijaonja jua,
na matundu ya sindano yamejipanga pembeni,
madogo; ukiinua shati kwenye taa
yanapitisha mwanga.

Fundi aliniambia nipulize mvuke, yatajifunga.

Napitisha pasi kavu.